Shikamoo Isiyofuata Umri

Harufu ya vitunguu vikikaangwa kwenye sufuria kubwa la shughuli, mwanangu, mpaka leo hunirudisha uani kwa baba yangu, siku ya harusi ya binamu yangu. Hebu kaa hapa karibu nikuhadithie. Begi lako lisikushughulishe. Basi la Dar halijafika, na likifika litapiga honi mpaka mbuzi wakimbie.

Nilimsikia jana mjomba wako alivyokucheka. Ati mtoto mzima anakwenda chuo kikuu kusomea rangi za watu! Ati ubaguzi ni wa Makaburu, sisi huku Kibiti tuna ubaguzi gani, si sote tunaswali msikiti mmoja? Mwache acheke. Ningekuwa na nguvu ningemvuta sikio nikamwambia kwamba bila elimu hiyohiyo yeye mwenyewe asingezaliwa. Wallahi sifanyi mzaha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Watu walianza kuuza na kununua wapendavyo, mitumba ikajaa minadani, na kule Salale kwenye mikoko wakaja wanunuzi wa kamba na majokofu yao na barafu yao. Sisi tulikaa mji wetu wa zamani kando ya mto. Baba alikuwa na duka la khanga na vyombo, na mitumba ilikuwa inalimaliza duka lile taratibu. Babu yake Baba alitoka Uarabuni, na kwa huyo mzee mmoja sisi wote tuliitwa Waarabu. Ungemwona Baba ungecheka: mweusi tii, na nywele zake kipilipili. Lakini Mwarabu! Na ukoo ulivyokuwa ukihesabiwa kwetu, yule bibi wa Kindengereko aliyemzaa baba yake Baba hakutajwa kabisa, kana kwamba babu alijizalia mwenyewe.

Nami nilikuwa nimempenda kijana anaitwa Seif. Naam, babu yako huyo, Mungu amrehemu. Alikuwa mwana wa Mzee Athumani, mpishi wa shughuli zote za mji. Hapakuwa na harusi, hitima wala maulidi ambayo Mzee Athumani hakuyapikia, kama alivyopika baba yake, na babu yake aliyeletwa kutoka juu mtoni akiwa mtumwa wa watu. Seif mwenyewe hakuwa mpishi. Alinunua boti yenye mashine, akawa anachukua kamba Salale na kuuza, na pesa zake zilikuwa zimekwisha kuzipita za Baba. Akatuma mshenga. Baba akamkaribisha vizuri, akampa kahawa, akamwambia, "Kijana mzuri. Ana dini, ana adabu, ana kazi. Lakini si wa kwetu."

Nililia mpaka macho yakavimba. Wiki ileile dada yangu Shamsa akarudi kutoka chuo kikuu. Alikuwa anasomea elimu ya jamii, na alikuja kufanya utafiti nyumbani. Nikasema alhamdulillahi, mtetezi wangu kafika, atagombana na Baba mpaka kieleweke. Wapi! Shamsa akanikumbatia, akanisikiliza, halafu akaanza kutazama watu. Anakwenda harusini anatazama. Anakaa dukani anatazama. Mimi naungua, yeye ametulia tuli, anawauliza vikongwe nani huketi wapi na nani huosha vyombo. Nikamwambia, "Dada, wewe huna moyo."

Akanijibu kwa upole ambao mpaka leo sijauona kwa mtu mwingine. "Zuhura mdogo wangu, nikimuuliza Baba kama ni mbaguzi, ataapa kwamba si mbaguzi, na atakuwa anasema kweli ya moyo wake. Baba ana moyo mzuri. Watu wanautafuta ubaguzi moyoni, ndiyo maana hawauoni. Mimi nautafuta kwenye mazoea."

"Mazoea gani?"

"Kwetu shikamoo inafuata umri, au sivyo? Mdogo humwamkia mkubwa. Basi mimi natazama pale ambapo haifuati umri."

Nikafikiri, mwanangu. Mzee Athumani alikuwa na ndevu nyeupe, lakini watoto wa nyumbani kwetu, hawa wa kufutwa makamasi, walimwita "Athumani!" hivihivi. "Athumani, lete maji!" Naye huitikia, "Naam, bwana mdogo." Sikuwahi kumsikia mtu wa nyumba yetu akimpa shikamoo. Shughulini wageni wa Baba walikula barazani, sinia moja watu watano, na akina Mzee Athumani wakala uani karibu na moto baada ya wengine kumaliza. Hakuna aliyewafukuza barazani. Hakuna aliyewakaribisha pia. Nilikua nikiyaona hayo kila Ijumaa, na sikuwa nimeyaona hata siku moja mpaka Shamsa aliponiambia.

Na usidhani alituandama sisi peke yetu. Seif alipokataliwa, vijana wenzake pale wanapopimia kamba walimjaza maneno: hawa Waarabu wageni tu, wakati umefika warudi kwao. Seif akaja na hasira zake, akamwambia Shamsa hivyohivyo usoni. Shamsa akacheka kwanza.

"Nirudi kwetu wapi, Seif? Huko Uarabuni mimi sina hata shimo la choo!" Halafu akaacha kucheka. "Baba amekupima kwa babu yako. Wewe unanipima kwa babu yangu. Mkiendelea hivyo, mdogo wangu hataolewa na yeyote, maana kila mtu ana babu." Seif akainama, akaomba radhi, na tangu siku ile akamheshimu Shamsa kama alivyomheshimu mama yake.

Sasa sikiliza hapa. Alasiri moja duka halina mteja, mimi nakunja khanga, Shamsa akaketi mbele ya Baba. Akamwambia, "Baba, nimemaliza kuandika. Lakini sitawapelekea walimu wangu neno ambalo wewe hujalisikia." Akamsimulia yote aliyoyaona, barazani, uani, msikitini, na hata nyumbani kwetu. Baba akavuta pumzi, akavua kofia, akaivaa tena. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Nimekusomesha uje unichambue mimi?" akauliza.

"Umenisomesha nione, Baba. Nami nikianza kwa jirani nitakuwa mnafiki."

"Lifute jina langu."

"Majina yote nimeyafuta, yako la kwanza. Nina swali moja tu, na hili siandiki. Kati yako na Mzee Athumani nani mkubwa?"

Baba akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekumbuka mambo ya zamani. "Athumani! Mbali sana. Nilipopelekwa jando yeye ndiye aliyenibeba begani kuvuka mto. Maji yalikuwa yamejaa, nalia, ananiimbia ninyamaze."

"Ulimwamkia lini mara ya mwisho?"

Baba akaanza kupanga upya khanga nilizokwisha kuzikunja. Nje watu wanapita, wanamsalimia, naye hawaitikii. Mwisho akasema, sauti imemshuka, "Hajawahi kudai." Shamsa hakuongeza neno. Alinyanyuka, akamletea maji ya kunywa, akaenda zake jikoni. Mwanangu, mimi ningekuwa yeye ningeongeza! Ningempiga maneno kumi ya ushindi, na ningeharibu kila kitu. Hapo ndipo nilipomvulia kofia dada yangu.

Siku chache baadaye ikawa ndiyo harusi ya binamu. Nyumba imejaa mpaka mlangoni. Wanaume barazani na kanzu zao, sisi wanawake mlango wa nyuma, na Mzee Athumani uani juu ya sufuria la pilau na mwiko wake mrefu. Pilau lilipokuwa karibu kupakuliwa, nikamwona Baba anashuka barazani. Nikadhani anakwenda kuhimiza chakula. Akavuka uani mbele ya kila mtu, akasimama mbele ya mpishi, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, kaka."

Mzee Athumani aligeuka kutazama nyuma yake. Alidhani kuna mtu mwingine pale! Hapo machozi yakanitoka, na nikikusimulia sasa yananitoka tena, niache nijifute. Hapakuwa na mtu nyuma yake. Baba akarudia, kwa sauti, wote wasikie, "Shikamoo, kaka Athumani."

"Marahaba," akasema mzee yule, kidogokidogo. Halafu akajikaza. "Marahaba, mdogo wangu." Akajifuta macho na kusema moshi huu wa kuni mbichi una taabu.

"Twende tukale," Baba akamwambia.

"Na sufuria je?"

Baba akawageukia kaka zangu wawili, wameketi barazani na kanzu nyeupe pee, akawaita waje washike mwiko. Lo! Ungewaona! Hawajawahi kukoroga hata uji. Pilau lile liliungua, mwanangu, nasi tukalila hivyohivyo na ukoko wake mweusi, na sijala tamu kama lile. Mzee Athumani aliketi barazani kwenye sinia la Baba, na Baba akawa anamsogezea minofu upande wake, kama afanyiwavyo mgeni wa heshima. Ami yangu mmoja alinyanyuka akaondoka, na harusini kwangu hakuja. Maana kabla ya siku ile kwisha, Baba alimwambia mwenziwe palepale juu ya sinia: mwambie kijana alete posa tena.

Shamsa alikuwa amenishika mkono pale mlangoni, amenibana mpaka unauma. Nikamwambia, "Dada, umeshinda!" Akatikisa kichwa. "Ni shikamoo moja, Zuhura. Kesho tutazame kama watoto nao watamwamkia." Kesho yake akakaa kutazama kweli. Na aliyesahau, Baba mwenyewe alimrudisha akaamkie.

Basi, chukua haya uende nayo. Unaposomea rangi na asili za watu, usiende kwanza mbali kutafuta wabaya. Anza nyumbani kwako, kwa unaowapenda. Tazama nani anakaa wapi, nani anaitwa kwa jina tupu, nani anaachiwa mwiko. Ukishaona, usimtukane mtu, maana aliyetukanwa hujitetea na hasikii tena. Muulize swali lake, kisha umpe maji na nafasi ya kufikiri. Na usiridhike na kilio cha siku moja. Tazama kesho yake, mazoea yana tabia ya kurudi. Tena wakija watu kukwambia kwamba dawa ni kuwafukuza wale ili wakae hawa, uwaogope, hata wakiwa ndugu zako.

Mimi mwenyewe bado najifunza, uzee wote huu. Idi iliyopita bibi yako Shamsa alikuja kula hapa. Tumekaa, mara mmoja wa binamu zako anapiga kelele, "Bibi, Mkaa kafika!" Ni yule mzee mwenye chale usoni, aliyetoka kusini, anayetuletea mkaa. Shamsa aliinua macho tu, macho yaleyale ya miaka ile! Nikanyanyuka na goti langu hili bovu kabla hajaniuliza swali, nikaenda mpaka mlangoni, nikamwamkia mzee wa watu, nikamuuliza jina lake. Anaitwa Mzee Chilumba. Miaka yote ile ananiletea mkaa, sikuwa nalijua.

Unasikia honi? Ndilo hilo. Mungu akupe macho ya Shamsa na upole wake, akulinde na kiburi cha waliosoma, na akurudishe kwetu salama uje utuulize maswali yatakayotukosesha usingizi. Amina. Nikumbatie. Na yule pale mlangoni aliyekwisha kukubebea begi lako ni Mzee Chilumba mwenyewe. Mwamkie yeye kwanza, ni mkubwa kwangu.