Karanga za Mbegu

Mwezi uliopita mwanangu wa mwisho alikuwa akicheza poka kwenye simu. Akaniuliza, "Mama, jozi mbili na tatu za namna moja, ipi inashinda?" Nikamjibu tatu, bila hata kufikiri. Alishangaa. Hakujua, rafiki yangu, kwamba mchezo huo nilifundishwa nikiwa na miaka tisa, nikilelewa na bibi karibu na Songwa.

Mwalimu wangu alikuwa jirani yetu, mzee aliyestaafu upishi kule mgodini Mwadui. Mikono yake ilinukia vitunguu siku zote. Alasiri, nikishachota maji, tuliketi nyuma ya jiko lake akanigawia karata tano. Jozi, jozi mbili, tatu za namna moja, tano za kufuatana, tano za kopa tupu. Alinikaririsha kama katekisimu. Ukipata karata mbaya unaziweka chini, au unaongeza dau mpaka mwenzako aogope. "Usoni pasisomeke kitu," alikuwa akisema.

Dau letu lilikuwa karanga. Zake alinunua. Zangu nilichota kwenye kibuyu cha bibi, konzi moja moja, na mzee hakujua kuwa ni za mbegu.

Mvua ya kwanza ilipokuja, bibi akakitikisa kibuyu. Kilikuwa chepesi.

"Ng'wanawane, mwanangu, nani kaingia humu?"

"Nilimwona babu jirani akitoka," nikasema. Usoni hapakusomeka kitu.

Bibi hakumgombeza mtu. Aliacha tu kunituma na sahani ya michembe ya viazi kwa jirani, ila kisimani wanawake wote walishasikia. Msimu ule tulipanda mtama peke yake.

Siku moja mzee akaniita kwenye uzio wa minyaa. "Mjukuu wangu, bibi yako nimemkosea nini?"

"Sijui, babu."

Alisubiri kidogo, akarudi ndani. Baada ya mavuno watoto wake walimhamishia Geita, na huko ndiko alikozikwa.

Miaka mingi baadaye, nikimlisha bibi uji kitandani, alisema, "Yule mzee alikuwa mwizi, lakini maongezi yake niliyapenda." Nikapeleka kijiko mdomoni kwake. Hakumaliza wiki.

Baada ya swali lile la mwanangu, Jumamosi nilikwenda kule kwa bibi. Minyaa imeng'olewa, nyumba ya bibi imeanguka, jiko la mzee limebaki tuta la udongo. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akianika mtama hapo jirani. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anamkumbuka mpishi wa Mwadui.

"Yule mwizi wa karanga?" akacheka.

"Hakuiba, mama. Niliyeiba ni mimi."

"Ee, ya zamani hayo," akasema, akaendelea kutandaza mtama wake.