Wapinzani Wao Wako Wapi?

Betri ya gari inayowasha televisheni yangu ilikuwa imetoka kuchajiwa, na majirani walijaa sebuleni kwangu hapa Bariadi kutazama ufunguzi wa michezo ya dunia. Uwanja mzima ulikuwa ukicheza ngoma, sare moja.

Shangazi yangu wa Nkololo alikunja uso.

"Wapinzani wao wako wapi?"

"Hawashindani, shangazi. Wanafungua tu."

"Ngoma ya upande mmoja! Sasa watu watakimbilia wapi?"

Kwetu, baada ya kuuza pamba, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na kinachovuta watu wengi ndicho mshindi.

Nchi zikaanza kupita. Wakubwa walipita kama jeshi, sisi tukaendelea na chai. Mara ikatokea bendera yetu, na nyuma yake wanamichezo wachache mno. Sebule nzima ikainuka na vikombe mkononi, ikaisonga televisheni. Shangazi alibaki kitini, akiona migongo yetu tu. Akapiga kofi moja.

"Basi. Hao wameshinda."

Michezo yenyewe ilikuwa haijaanza. Kwa matokeo tuliyokuja kuyaona, afadhali tungezima televisheni palepale.