Katibu na Sinema ya Kibulgaria

Katibu wa chama chetu cha Watanzania hapa ughaibuni, mjini Richardson, huandika majina ya waliohudhuria hata kwenye bethdei ya mtoto wa miaka miwili. Vidole vyake vyembamba havitulii mpaka karatasi ijae, na sauti yake ni ya mtu anayekupa pole. “Dada yangu, unakaa na nani siku hizi?” huuliza, huku akikupakulia pilau.

Jumamosi mchana tulikusanyika kutazama sinema ya Kibulgaria ya enzi za ukomunisti: mwizi katoka jela, na kila jirani anamchongea kwa polisi. Mchongezi mmoja alipotokea na daftari lake, Wilfred, mtani wa Katibu, akapaza sauti: “Kumbe Katibu uliigiza sinema Bulgaria!” Tukacheka mpaka sofa zikalia. Katibu hakucheka, alikuwa akitikisa kichwa kama fundi anayekagua kazi mbovu ya mwenzake. Sinema ilipokwisha alimwinamia Ndeshi, ambaye viza yake ya uanafunzi haimruhusu kuajiriwa. “Na yule bibi unayemwogesha kule Mansfield, hajambo?” Siri ya kibarua kile Ndeshi alikuwa amenipa mimi tu, nami sikuwa nimeitoa. Ndeshi aligeuka, akanitazama mimi.