Ryzen ya Kati

Mokeira ana studio ya video pale Sotik, chumba kimoja kando ya duka la dawa za mifugo, na ndani yake mna kompyuta moja tu. Kompyuta hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye mashamba ya chai. Alichuma majani miaka mingi hadi mgongo ukagoma, ndipo akajifunza kukata na kuunga picha za harusi. Wakisii wakamletea zao, Wakipsigis wakamletea zao, maana bibi harusi wa kabila lolote hutaka kujiona.

Basi radi ikapiga. Radi ya huko haibishi hodi. Kompyuta iliendelea kunguruma lakini skrini ikabaki nyeusi tititi, na harusi moja ya huko Roret ilikuwa mle ndani, wenyewe wanaingoja. Benard, fundi wa jirani, akaifungua, akachomoa kidude kilichoungua, akasema bodi, ule ubao wa ndani, ni nzima. Ila prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikuwa ikijikokota hata kabla ya radi, kwa hiyo afadhali anunue mpya, atibu magonjwa mawili kwa sindano moja.

Hapo vita vikaanza. Sagini, mume wa Mokeira, hupima majani kwenye kituo cha kununulia chai, na kompyuta ya ofisi yao ina kibandiko cha prosesa ya Intel. Kwake hiyo ilikuwa dini.

"Mama Kepher, ni Intel ama ni hasara," alimwambia mkewe kila alipopata nafasi, hata wakati wa kuombea chakula.

Benard naye ni mtu wa Ryzen, mshindani wa Intel, haambiliki. Walibishana mlangoni mwa studio mpaka wateja wakageuza njia. Mchagua jembe si mkulima, wahenga walisema, na hawa wawili hata shamba la kulima hawakuwa nalo. Mwenye shamba alikuwa Mokeira, na aliogopa. Pesa yake ilitosha prosesa moja. Akikosea hakuna ya pili, na njia iliyobaki ni ile ya kurudi na kikapu mgongoni.

Asubuhi ya Mokeira kwenda Kericho mjini, Benard alikuwa kwao Chepseon, akampigia simu.

"Usisikilize mzee. Chukua Ryzen ya kati. Ya kati, Mama Kepher, usisahau."

Dukani, muuzaji mmoja aitwaye Joab aliitazama picha ya bodi kwenye simu ya Mokeira, kisha akaiweka Intel kando bila hata kubishana.

"Hii haiwezi ingia kwa bodi yako, mum. Ukitaka Intel, ununue na bodi yake."

Dini ya Sagini ikaishia hapo. Joab akapanga boksi tatu za Ryzen kwa mstari juu ya kaunta. Mokeira hakusita, akaiwekea kidole ile ya katikati. Joab akashika wembe wa kukatia utepe.

"Nifungue uangalie? Ikifunguliwa hairudi. Lakini uko na kadi ya picha? Hii haina picha ndani yake. Bila kadi utaona giza tu."

"Ngoja," Mokeira akasema. "Usikate."

Kadi. Alilirudia neno hilo moyoni, akawaza ulimi wa Benard, ule unaoita dawa "tawa" na dada "tata". Jasho likamtoka na huku nje kulikuwa na baridi ya Kericho. Akampigia simu.

"Benard, ulisema ya katikati, ama ile ya kualika watu harusi?"

"Ya harusi," Benard akajibu, akishangaa. "Si nimesema kati? Ile kati yako ilichomwa na radi, mimi mwenyewe nikaitoa. Sasa utafute Ryzen iko na kati yake huko ndani."

"Ungesema kadi."

"Si ndiyo nasema, kati. Na wewe juzi uliniambia twende kura, nikachukua kitambulisho. Kumbe ni chakula."

Mokeira alicheka mpaka akaegemea kaunta. Joab akamtolea boksi la mwisho kwenye mstari, lile lenye herufi G mwishoni mwa jina, alama ya picha ndani yake, naye akalikumbatia kama mtoto aliyetoka homa.

Kesho yake Benard aliifunga ile prosesa, akaipaka dawa yake ya kupunguza joto, akabonyeza swichi. Skrini ikakaa nyeusi kidogo. Kisha ikawaka, na punde bibi harusi wa Roret akaonekana akishuka garini, shela imenaswa mlangoni. Mokeira akakaa chini, akalia kwa furaha bila kuona haya, kisha akampigia mumewe simu.

"Baba Kepher, imewaka."

"Ni Intel?"

"Ni ile imewaka."

Alingoja amwanzie mahubiri. Mizani ya chai ilisikika ikigongana nyuma ya Sagini.

"Basi Mungu ni mwema," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi sikuwa najua hizo vitu. Nilikuwa naogopa tu nisije nikakuona tena kwa hii laini ya wachumaji, umebeba majani, nikupimie."