Kuni Kwenye Ndoo

Mvua ikinyeshea majani machanga hapa London, harufu yake hunirudisha jikoni kwetu Tottenham, mwaka tuliotoka Kongo. Mama hakuweza kupita kuni akaziacha. Alivunja matawi ya mti uliopukutika majani yote, akisema umekufa, akayasimamisha kwenye ndoo ya kukingia bomba lililovuja. Baridi ilipoanza kulegea, asubuhi moja nikapiga kelele: “Mama, kuni zimetoa majani!”

Alishika jani moja kwa ncha za vidole. “Kumbe uko muzima,” aliliambia tawi, “na miye nilishakuita maiti. Unisamehe.”

Tangu baba apotelee vitani, tulikuwa tumeacha kumfunikia chakula. Jioni ile mama alipakua ugali na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, akafunika sahani ya baba.