Mluzi Ulioita Upepo

Nilipokuwa mtoto, kila upepo mkubwa kwetu ulikuwa na jina lake, na mtu akitaka kukuambia alizaliwa lini alikutajia upepo. Dada yangu alizaliwa Mwaka wa Vumbi, pale matrekta yalipolima uwanda wote na vumbi likafunika jua hadi kuku wakarudi bandani mchana. Mimi ni wa Mwaka wa Mabati, upepo ulipong'oa paa la kanisa na kulitupa katikati ya ngano. Tuliishi chini ya mlima Hanang, kando ya mashamba ya ngano ya serikali, lakini asili yetu ni Mbulu, kule juu. Bibi, mama yake baba, alipenda kusema kwamba huku uwandani sisi ni wageni na mwenyeji ni upepo.

Bibi alikuwa na miiko mingi, na mkubwa kuliko yote ulikuwa huu: msichana hapigi mluzi. Mluzi ni wa wanaume wanaochunga ng'ombe. Mluzi wa msichana unaita upepo, na upepo ukiitwa hauchagui nyumba. Sasa mimi Mungu aliniumba na mwanya katika meno ya mbele, na mluzi wangu ulisikika hadi ng'ambo ya korongo. Niliuiga kwa wachungaji wa Kibarabaig waliopitisha ng'ombe wao karibu na kwetu. Mzee mmoja kati yao alimwambia baba kwamba ng'ombe wake wanageuza shingo wakinisikia. Baba alicheka. Bibi alinichapa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi sikusikia. Siku moja nilipiga mluzi nikitoka shule, na jioni ile ile upepo ukaezua nyumba ya jirani. Basi ikawa kesi. Wanawake kisimani walisogeza ndoo zao nikifika, kana kwamba nina upele. Baba Mdogo, yaani mdogo wake baba, ndiye aliyenitania kuliko wote. "Huyu ataolewa na kimbunga," alisema, na watu wakacheka. Niliacha mluzi kabisa. Nilianza kutembea nikitazama chini, hata kwenye salamu: shikamoo yangu ilikuwa inaangukia kwenye vidole vya miguu ya watu. Iliniuma sana, sioni sababu ya kuficha.

Mwaka uliofuata mahindi yetu yalikauka kabla ya kubeba. Kombaini zilipomaliza kuvuna ngano, sisi na majirani tuliingia mashambani kuokota masuke yaliyobaki, tukayabeba kichwani hadi nyumbani na kuyapura kwa fimbo kwenye uwanja tuliousiriba kwa samadi. Ngano ikawa imelala pale pamoja na makapi yake. Ndiyo iliyokuwa chakula chetu chote hadi mavuno mengine. Kilichobaki ni upepo wa kupepetea.

Upepo ukagoma. Msimu ule ule ambao kila mwaka ulituvumia hadi tukauchoka, hata jani halikutikisika. Na mlima ukaanza kuvaa mawingu. Ngano ikinyeshewa pale chini ingeota, na sisi tungekula nini? Mama alirusha ungo wa kwanza juu; nafaka na makapi vikarudi pamoja. Akarusha tena, vikarudi tena. Mwishowe akauweka ungo chini akakaa kando yake. Mama yangu hakuwa mtu wa kukaa katikati ya kazi, kwa hiyo niliogopa.

Bibi alikuwa amesimama mwisho wa uwanja, amegeukia mashariki. Kisha akaniita.

"Paskalina."

"Abee, Bibi."

"Piga mluzi."

Nilidhani ananitega. Ng'ambo ya ua, Baba Mdogo alikuwa akipigilia misumari kwenye banda lake jipya la mbuzi, banda la mabati alilojivunia kuliko mbuzi wenyewe. Akasimamisha nyundo. "Mama, umesahau ya mwaka jana?"

"Sijasahau. Ndiyo maana nimemwita yeye, sikukuita wewe."

Nikajaribu. Midomo ilikuwa imekauka kwa woga, ikatoka pumzi tupu. Baba Mdogo akaguna. Bibi akachukua kibuyu cha maji, akachovya kidole, akanilowesha midomo taratibu, wa juu kisha wa chini, kama anavyobarikiwa mtoto anayetoka kwao kwenda mbali. Mkono ule ule ulionichapa. "Haya," alisema.

Nikapiga mluzi hadi masikio yangu yenyewe yakaziba.

Kwanza yalisogea makapi mepesi, yale ya juu juu. Halafu nguo ya mama ikamnata miguuni. Halafu upepo ukaja wote. Mama akaruka na ungo wake, dada akashika mwingine, na ngano ikaanza kuanguka safi, nyekundu, inalia kama mvua kwenye ngozi ya ng'ombe tuliyotandika. "Usinyamaze," Bibi aliniambia, nami sikunyamaza hadi mashavu yakawaka moto. Jamani, nilikuwa na furaha!

Onyo la Bibi nalo lilitimia. Dhoruba moja ilipita juu ya ua, ikalifunua banda la Baba Mdogo, ikapeleka mabati kwenye mabua ya ngano na mbuzi wakatawanyika. Akaja amefura. "Mmeona? Nilisema mimi. Mtoto huyu..."

"Upepo ukiitwa hauchagui," Bibi akamkatiza. "Aliyemtuma ni mimi. Kama una neno, niambie mimi. Kama huna, shika gunia."

Alishika gunia. Mvua iliponyesha, ngano ilikuwa ndani, na mwaka ule hatukulala njaa. Baba Mdogo naye alikula, tena aliomba aongezewe.

Sasa mimi ni mtu mzima, ninaishi Katesh mjini, na nimeona misimu mingi ya upepo. Najua kwamba ngano ikishakatwa upepo huamka mashariki baada ya adhuhuri na kulala jioni, na kwamba ukitulia isivyo kawaida ujue utarudi kwa nguvu. Bibi hakukosa kulijua hilo. Labda aliliona vumbi likinyanyuka mbali barabarani kabla hajaniita. Nilipokuwa tayari nina watoto wangu nilimwuliza.

"Bibi, siku ile uliuona upepo unakuja?"

Alikuwa akimenya maharage, hakuinua uso. "Niliona mtoto anatembea akitazama chini," alisema.

Alipofariki, aliyesimama kaburini kusimulia maisha yake ni Baba Mdogo, mzee wa mkongojo sasa. Alisimulia kwa njia ya kwetu, kwa kutaja pepo ambazo Bibi alizipitia. Mwaka wa Vumbi, aliuona. Mwaka wa Mabati, aliuona. Akanitafuta kwa macho katikati ya wanawake.

"Na Mwaka wa Mluzi wa Paskalina," alisema kwa sauti. "Huo tulikula ngano."

Watu wote waligeuka kunitazama. Nami niliwatazama.