Siku Kaka Alipokikataa Kisu

Siku ambayo nyumba yetu ya Kiislamu inatoka jasho kuliko zote ni mkesha wa Krismasi. Usicheke. Baba anauza kuku kando ya barabara kuu hapa Bugembe, mashariki mwa Uganda, na wateja wake wengi ni polisi, askari jela na wake zao, Wakristo warefu kutoka kaskazini. Wanamwita shehe, ingawa ushehe wake unaishia kwenye kofia. Wanataka kuku wao achinjwe na Mwislamu, ili mgeni yeyote atakayepiga hodi aweze kula. Kwa hiyo wao wakijiandaa kwa kanisa, sisi tunanuka manyoya mpaka kwenye kope.

Mama anachemsha maji. Mimi, msichana wa kidato cha tatu mwenye mdomo mkubwa kuliko alama zake, nanyonyoa na kuwachekesha wateja. Baba na kaka wanachinja. Kaka ni fundi simu kule Mbale, mtaa wa Malukhu, lakini mkesha ukifika lazima aje. Ndiye fahari ya baba. Alipokuwa madrasa, sauti yake ikisoma Kurani iliwatoa watu machozi. Yangu iliwatoa watu msikitini.

Mwaka jana alikuja, akasalimu, akaketi kwenye kigoda karibu yangu, akavuta kuku akaanza kunyonyoa.

"Njoo ushike kisu," baba akamwita. "Foleni imefika barabarani."

"Endelea tu, baba. Mimi nawasaidia hawa."

Baada ya adhuhuri baba akamwita tena. Kaka akatikisa kichwa. Mke wa afande mmoja, aliyembana jogoo kwapani kama mkoba, akamwona, akasema kwa Kiswahili chao cha kambini:

"Wewe kijana, naogopa damu? Mbale nakulegeza hivi?"

"Mama, huko wanachinja simu tu," nikadakia. Foleni nzima ikacheka. Baba hakucheka.

Jioni wateja walipokwisha, alibaki jogoo mmoja, wa kwetu. Baba akaosha kisu, akamnyooshea kaka, mpini ukiwa mbele.

"Huyu wa nyumbani. Mchinjie mama yako."

Kaka akakitazama kisu. "Siwezi, baba. Nikichinja mimi, mtakula mzoga."

Mama akaacha kumwaga maji. Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua: ukali wa kisu peke yake haumhalalishi kuku. Aliyekishika lazima awe analiamini jina analolitaja. Kaka alikuwa amemaliza kusema.

"Tangu lini?" baba akauliza.

"Mwaka huu."

"Na wale wa miaka ya nyuma? Tulikula nini?"

"Wale nilikuwa bado naamini. Wallahi, baba..."

Hapo nilikuwa na mzaha mtamu, juu ya mtu aliyeacha dini na bado anaapa. Nikaumeza na manyoya yake.

Kaka aliondoka jioni ileile. Baba alimfungua jogoo kamba za miguu bila kumchinja, naye akazunguka uani kwa maringo kama mtu aliyeachiliwa na hakimu. Tulikula maharage. Siku zilizofuata, baba alikuwa akiongea huku anawamwagia kuku pumba, na sikujua kama ananiambia mimi au wao.

"Nilimfundisha bismillahi kabla hajajua kuomba maziwa. Akichelewa alfajiri nilimchapa. Labda nilichapa sana. Labda sikuchapa vya kutosha."

"Mimi ulinichapa vya kutosha, baba. Nina alama."

Hakunisikia. "Angeweza kunidanganya. Angechinja, tungekula, nisingejua mpaka kaburini. Watoto wa wenzangu wanadanganya, na baba zao wanalala usingizi." Akasimama na bakuli mkononi. "Hakutaka kunilisha haramu. Sasa mtu asiyeamini, haramu anaiogopea nini?"

"Alikuogopea wewe," nikasema. Hilo halikuwa mzaha, na sote wawili tulishangaa.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, baba alimtia yule jogoo kwenye boksi, tukaenda Mbale. Kaka alifungua mlango wa chumba chake, akatuona, akabaki ameshika kitasa.

"Maji yapo?" baba akauliza.

"Yapo."

"Kisu nimekuja nacho. Wewe mshike jogoo tu. Kibla ni wapi hapa?"

Kaka akanyoosha mkono palepale, kuelekea ukuta wa jirani, bila kufikiri. Baba aliutazama ule mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kaka akainama, akabana mabawa na miguu kama alivyofundishwa utotoni. Jogoo alitulia. Baba peke yake ndiye aliyetaja jina la Mungu, akachinja.

Tulikula sahani moja. Baba aliposimama kuswali nilisimama nyuma yake. Kaka aliosha sufuria polepole, na redio alikuwa ameizima.

Tulipotoka nje, baba akanigeukia huku anafuta kisu. "Na wewe? Mkesha ujao sina msaidizi. Dini haimkatazi mwanamke kuchinja, ni mazoea yetu tu. Nikikupa?"

Mimi ndiye yule anayekwepa swala ya alfajiri kwa kisingizio cha hedhi, mpaka mama akasema hedhi yangu ina wiki nne kila mwezi. Nikatafuta mzaha. Haukuja hata mmoja.

"Usinipe bado, baba."

Baba akakizungushia kisu gazeti, akakitia mfukoni, na ghafla akaonekana mzee. Kaka akatoka na boksi tupu ili atusindikize.

"Mkesha uje," baba akamwambia, bila kumtazama yeye wala mimi. "Kunyonyoa, hakuna anayemuuliza mtu imani yake."

"Nitakuja, baba."

Tukatembea watatu hadi stendi. Baba alikuwa katikati.